Ulinzi wa Kiota: Neema ya Mtoni, Hasara ya Kidimbwini

Kidimbwi cha tilapia kikikaushwa siku ya kuvua, kinachoonekana kwanza matopeni si samaki bali mashimo. Ni mashimo ya duara, kingo zake zimeinuka kidogo, yamepangana karibu karibu kama sahani mezani. Kila moja lilikuwa na mwenyewe: dume aliyelichimba kwa mdomo, akijaza tope na changarawe kinywani na kwenda kuzitema ukingoni, safari baada ya safari, kisha akakaa juu yake akimfukuza kila apitaye. Mfugaji wa pande za Kangeta, au popote kwenye miteremko ya Nyambene, huyatupia jicho mara moja tu. Macho yake yako kwenye ndoo, na ndoo ina habari mbaya: samaki ni wengi ajabu, na wengi wao hawazidi urefu wa kidole.

Afisa wa samaki akifika, malalamiko ni yaleyale kila shamba: "Daktari, hawa samaki wangu wamekataa kukua." Lawama huangukia chakula, au maji, au aliyeuza vifaranga. Pengine zote tatu zina ukweli. Lakini jibu kubwa liko kwenye yale mashimo. Tilapia hulinda mahali pake pa kuzalia na hulea watoto wake vizuri mno, na tabia hiyo ndiyo iliyomwezesha kudumu katika mito na maziwa yenye kila aina ya adui. Ukimtia kidimbwini, ambako adui ameondolewa, malezi yaleyale huendelea kufanya kazi bila breki. Ukizichunguza mbinu alizoletewa mfugaji wa tilapia kwa zaidi ya nusu karne, karibu zote ni njia za kuivunja ndoa ya samaki huyu au za kuwala watoto wake.

Huenda msomaji akauliza Kangeta ina uhusiano gani na habari za samaki na himaya zao. Huku watu wanajulikana kwa miraa. Kuna hata aina ya miraa inayoitwa kangeta sokoni. Wazee wengi hawakulelewa kwa kula samaki, na bahari iko zaidi ya kilomita 400. Hata hivyo mito inayoteremka Nyambene kwa upande wa mashariki, Ura na Rojewero ikiwemo, hupita Mbuga ya Taifa ya Meru na kuingia Tana, na Tana humwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mfumo huo wa maji una tilapia wake wa asili, Oreochromis spilurus, anayestahimili chumvi kiasi kwamba huko Kuwait na Saudi Arabia amefugwa hata katika maji ya bahari. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kinachotokea kidimbwini afuate maji hadi pwani kwanza, kwa kuwa kule tabia hii ya ulinzi inaonekana kwa sura nyingi zaidi.

Tuanze na jambo ambalo husahaulika. Samaki wengi hawalindi chochote. Jodari, dagaa na changu huachia mayai na shahawa majini, mkondo ukachukua, na mzazi akaendelea na safari yake. Mwaka 1985 watafiti Mart Gross na Craig Sargent walipopitia habari za familia za samaki wenye mifupa, walikuta kwamba ni takribani familia moja tu katika kila tano iliyo na malezi ya aina yoyote. Na palipo na malezi, mara nyingi mlezi ni dume peke yake. Kwa ndege hulea wote wawili, kwa wanyama wanyonyeshao mzigo ni wa mama. Kwa samaki kinara ni baba.

Kwa nini baba? Maelezo ya awali, yaliyotolewa na Richard Dawkins na Tamsin Carlisle mwaka 1976, yalihusu nani anawahi kuondoka. Mayai ya samaki hurutubishwa nje ya mwili. Jike hutaga kwanza, dume hufuata, na jike anaweza kuwa ameshatoweka kabla dume hajamaliza kazi. Mwenye kubaki ndiye mlezi. Ni hoja ya kuvutia lakini haitoshi, maana ziko jamii nyingi ambamo dume na jike huachia mbegu kwa wakati mmoja, na bado dume ndiye anayebaki. Maelezo ya Gross na Sargent yana nguvu zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu yanaanzia kwenye hesabu ya gharama. Dume alikuwa akilinda mahali pale hata kabla ya mayai kuwapo, kwa kuwa bila mahali hapati jike. Kulinda mayai juu yake hakumwongezei gharama kubwa. Tena akiwa na mayai ya jike mmoja bado anaweza kupokea ya mwingine, na wa tatu. Jike yeye kadiri anavyokua ndivyo anavyobeba mayai mengi zaidi, hivyo kila juma analoshinda bila kula akilinda linampunguzia uzazi wa baadaye. Baba halei kwa sababu ya upole. Analea kwa sababu kulea kunampotezea kidogo kuliko kunavyompotezea mama.

Ukitaka kuiona hesabu hii kwa macho, nenda Kisite au Watamu, penye maji ya kina cha kiuno. Yule samaki mwenye milia mitano myeusi na mgongo wa manjano, Abudefduf vaigiensis, anayezikusanyikia boti za watalii, huwa mtu mwingine kabisa wakati wa kuzaa. Dume husafisha sehemu ya jiwe, rangi yake hugeuka kuwa ya samawati, na majike hutaga hapo utando wa mayai ya rangi ya zambarau. Kwa siku nne tano dume hapati nafasi ya kula vizuri. Hupepea mayai kwa mapezi ili hewa iyafikie, huokota yaliyooza, na humrukia kila anayekaribia, awe pono mara kumi ya ukubwa wake au mguu wa mpiga mbizi. Kinachomshinda ni kundi. Samaki kipepeo na wenzake wakija kwa makumi, mmoja humvuta mlinzi upande huu na waliobaki hula upande ule. Ndani ya dakika chache jiwe linabaki jeupe.

Samaki wa jamii hiyohiyo anayeishi ndani ya anemone, na ambaye filamu ya mwaka 2003 ilimfanya ajulikane hadi vijijini, naye ni baba mlinzi. Anemone ya pwani yetu mara nyingi huwa na jike mmoja mkubwa, dume mmoja, na wadogo kadhaa wasiozaa wanaongoja zamu. Dume hupepea mayai kwa takribani wiki moja. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike na mkubwa wa wale wadogo hupanda cheo kuwa dume. Kama filamu ingefuata elimu ya viumbe, yule baba angekuwa mama kabla ya nusu ya hadithi.

Wapo pia wakulima. Stegastes nigricans, samaki wa rangi ya udongo asiyevutia mtu, hulinda kipande cha mwamba kisichozidi upana wa meza na kulima mwani juu yake. Hiroki Hata na Makoto Kato, watafiti wa Kijapani, walionyesha kwamba samaki huyu hung'oa mwani asioutaka, akautema nje ya mpaka, na kubakiza aina moja laini ambayo tumbo lake linaweza kusaga. Ukimwondoa, samaki wala-mwani wengine huvamia na shamba huisha kwa siku chache. Hapa himaya inabeba mambo mawili kwa pamoja, chakula na kitalu cha mayai, na ndiyo sababu mlinzi wake ni mkali mwaka mzima, si msimu wa kuzaa tu.

Halafu kuna kikande, ambaye anavuruga nadharia yetu nzuri ya baba. Kwa kikande wengi anayekaa na mayai ni jike. Mayai yake hayakai sana. Huanguliwa ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo hasara ya kutokula ni ndogo na mama anaweza kuimudu. Dume naye hulinda himaya kubwa yenye majike zaidi ya mmoja. Ukiliweka jambo hili kando ya lile la milia mitano, unaona kwamba jinsia ya mlinzi si sheria ya asili. Inategemea mayai yanachukua muda gani na nani anapoteza nini. Kikande mkubwa kuliko wote pwani, Balistoides viridescens, ana meno ya kuvunja matumbawe, na jike wake juu ya kiota humng'ata mpiga mbizi bila kusita. Himaya yake hupanuka kadiri inavyopanda juu, na anayejaribu kumkimbia kwa kupanda moja kwa moja anazidi kuwa ndani ya mipaka yake. Kinachosaidia ni kuogelea pembeni.

Ujasiri huo unamgharimu anapokutana na mvuvi. Samaki anayekimbia ni vigumu kumpata; samaki aliyeapa kutoondoka mahali pake unamkuta leo, kesho na keshokutwa. Bunduki ya mishale humaliza kikande wa mwamba mmoja upesi, na malema nayo huwapata wengi. Tim McClanahan, ambaye amechunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, ameonyesha kinachofuata. Kikande mwenye mistari ya machungwa, Balistapus undulatus, ni mlaji mkubwa wa viumbe wadogo wa miiba waitwao Echinometra. Pale uvuvi ulipommaliza, kama katika miamba kadhaa ya kusini mwa Malindi hadi Diani, viumbe hao wa miiba walijaa, wakakwangua mwamba wenyewe mpaka matumbawe yakarudi nyuma. Ndani ya hifadhi za zamani za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, kikande wako na viumbe wa miiba ni wachache. Mipaka ya samaki mmoja mgomvi, basi, hufika mbali kuliko kiota chake.

Kwenye mikoko ya Gazi na kwingineko kuna samaki wadogo wanaorukaruka juu ya tope maji yakipwa. Hutaga mayai ndani ya shimo, kwenye chumba kilichozama, na tope lile halina hewa. Kwa jamii moja ya Japani, Atsushi Ishimatsu na wenzake walieleza mwaka 2007 kwamba dume hubeba hewa kinywani, mafunda kwa mafunda, na kuijaza chumbani. Mayai yakiiva huitoa ili maji yaingie na watoto waanguliwe. Sijui baba mwingine duniani anayelea kwa kubeba pumzi.

Palipo na mlinzi pana mwizi, na mara nyingine mwizi ni mlinzi mwenyewe. Mwaka 1978 mtafiti Sievert Rohwer aliuliza swali lililowashangaza wengi: mbona madume wanaolinda mayai huonekana wakiyala? Jibu lake lilikuwa la kiuchumi. Mayai machache yanadai ulinzi uleule unaodaiwa na mayai mengi. Dume aliyepata utando mdogo anaweza kufaidika zaidi akiula, akarudisha nguvu, akangoja jike mwingine. Tangu hapo jambo hili limeonekana katika jamii nyingi za samaki, zikiwemo za wale walinda-mawe wa mwambani, na wengi wao hula utando mdogo mara nyingi kuliko mkubwa. Anayedhani asili ni mama mwema asisome sana habari za samaki.

Mwizi wa pili ni dume asiye na shimo. Kwa tilapia wa Msumbiji, Oreochromis mossambicus, dume mdogo hubaki na rangi ya kijivu ya jike, huingia shimoni kwa mwendo wa jike, hata hukubali kutongozwa na mwenye shimo, kisha jike wa kweli anapotaga naye huachia shahawa zake. Mwenye shimo amechimba, amepigana, amekaa na njaa, na sehemu ya watoto si wake.

Kwa kuwa vita vinachosha, samaki hujitahidi kuviepuka. Hapo ndipo elimu ya miaka ya karibuni imetufungua macho zaidi. Katika Ziwa Tanganyika na kingo zake kuna samaki mdogo aitwaye Astatotilapia burtoni. Dume mwenye himaya hung'aa kwa buluu au manjano na ana mstari mweusi unaokatiza jicho. Asiye na himaya huwa wa kijivu na huogelea na majike. Mwenye himaya akiondolewa, mwingine huvaa rangi ndani ya dakika chache, na hata ubongo wake huanza kubadilika. Mwaka 2007, Logan Grosenick, Tricia Clement na Russell Fernald walichapisha jaribio ambalo dume mtazamaji aliwekwa nyuma ya kioo akaona dume A akimshinda dume B, B akimshinda C, hadi E. Hakuwahi kumwona B akipigana na D. Alipopewa nafasi ya kuchagua kati ya hao wawili, alimkaribia D, dhaifu. Alikuwa amepanga ngazi nzima kichwani kwa kutazama tu. Kwa tilapia wa Msumbiji kuna njia nyingine ya kujua nani ni nani: mkojo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Algarve, Ureno, walionyesha mwaka huohuo wa 2007 kwamba dume mwenye cheo hukojoa mara nyingi mbele ya mpinzani na mbele ya jike, na kwamba mkojo wake una harufu kali zaidi kwa samaki wenzake kuliko wa mnyonge. Kwa maji machafu ya kidimbwi, ambako rangi haionekani hatua mbili, barua ya aina hiyo ina maana sana.

Turudi sasa kwa tilapia wetu. Wengi hudhani shimo la dume ni kitanda cha watoto. Kwa Oreochromis si hivyo. Jike huja, hutaga mayai machache, huyaokota kinywani mara moja, hurudia mpaka amemaliza, kisha huondoka. Shimoni hakubaki yai. Dume hulinda ukumbi wa harusi tu, na baada ya harusi hana habari na mtu. Kiota cha kweli ni kinywa cha mama. Hubeba mayai na baadaye vitoto kwa siku kumi hadi kumi na nne hivi maji yakiwa na joto, bila kula chakula cha maana, akiyazungusha kinywani ili yapate hewa. Vikianza kuogelea huvitoa, na hatari ikitokea huvifungulia mdomo vikarudi ndani. Gharama aliyokwepa jike wa mwambani, jike wa tilapia ameibeba yote, na badala yake amepata ulinzi ambao hakuna kundi la samaki kipepeo litakalouvunja.

Ethelwynn Trewavas wa makumbusho ya London, aliyeshughulika na samaki hawa maisha yake yote, alifanya tabia hizi kuwa msingi wa ukoo wao katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1983. Wanaotaga chini na kulinda pale pale, baba na mama kwa pamoja, walibaki Tilapia. Wanaobeba mayai kinywani akawagawa, na ambao mama peke yake hubeba wakawa Oreochromis. Wa kundi la kwanza tunaye pia nchini: Coptodon zillii, aliyeletwa Naivasha mwaka 1956 na Ziwa Victoria miaka hiyohiyo. Huyo mashimo yake ni kitanda cha watoto kweli.

Aliyewatazama majini, tofauti na kwenye chupa za makumbusho, alikuwa Rosemary Lowe. Alianza na samaki wa Nyasa, akaendelea Jinja kwenye shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki. Katika vinamasi vya Malagarasi, magharibi mwa Tanzania, alieleza jinsi dume wa tilapia aitwaye karomo anavyojenga badala ya kuchimba tu: kilima kidogo cha udongo chenye jukwaa bapa juu, na jike hutaga juu ya jukwaa. Mwaka 1953 alilazimika kuacha kazi kwa sababu ameolewa. Sheria ya utumishi wa kikoloni haikuruhusu mwanamke mwenye mume. Hata hivyo aliendelea kuandika juu ya samaki wa tropiki kwa miongo kadhaa bila ajira hiyo.

Ufugaji nchini Kenya ulianza miaka ya 1920 na tilapia wa mito yetu wenyewe, na mwaka 1948 vikaanzishwa vituo vya Sagana, kwa samaki wa maji ya joto, na Kiganjo kwa trauti. Tatizo la wadogo wasiokua lilijitokeza mapema na halijaondoka. Mwaka 2009 serikali ilipoanza mpango wake wa kuchochea uchumi, majimbo 140 yalipangiwa vidimbwi 200 kila moja, kidimbwi kikiwa na meta 300 za mraba na vifaranga 1,000. Meru ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochangamkia jambo hilo, na kiwanda cha kusindika samaki kikajengwa Kanyakine. Vifaranga vingi vya wakati huo vilikuwa mchanganyiko wa dume na jike.

Hebu tupige hesabu ya kidimbwi kimoja. Vifaranga 1,000, nusu majike. Ziwani, tilapia wa Nile, ambaye ndiye anayeuzwa Meru kama kifaranga, hungoja hadi awe mkubwa ndipo azae. Kidimbwini, akibanwa, huanza akiwa na miezi mitatu minne na uzito wa gramu 30 hadi 50 tu. Tuseme majike 300 kati ya 500 wanazaa, kila mmoja watoto 150. Hao ni 45,000 kwa mzunguko mmoja, katika maji yaliyokusudiwa samaki 1,000. Mtoni, kambare, ndege, mamba na mkondo wangebakiza wachache. Hapa mama amewafunika kinywani, hakuna adui, na chakula unacholeta asubuhi kinagawanywa kwa vinywa 46,000. Kwa hiyo hakuna aliyekataa kukua. Wamegawana ukuaji.

Anayeishi juu zaidi mlimani ana ahueni ya ajabu: maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi tilapia haachi mayai. Lakini baridi hiyo ya Juni hadi Agosti humzuia pia kula na kunenepa, kwa hiyo anapata samaki wachache wadogo badala ya wengi wadogo. Na anayetandika karatasi nzito ya plastiki chini ya kidimbwi, akidhani bila udongo hakuna shimo na bila shimo hakuna ndoa, hujidanganya. Dume huchukua kipande cha plastiki, hukisafisha, hukilinda, na jike hutaga.

Kinachozuia ndoa hasa ni kumtenga samaki na sakafu. Katika vizimba vya wavu vilivyoning'inizwa, kama vile vinavyoonekana sasa Ziwa Victoria, yai likitagwa huponyoka kwenye matundu kabla jike hajaliokota. Kwa kidimbwi kidogo cha nyumbani njia hiyo ni ghali. Njia ya pili ni kutenganisha jinsia kwa mkono, kifaranga kwa kifaranga, kwa kutazama matundu chini ya tumbo. Dume ana mawili, jike matatu. Inahitaji macho mazuri na subira, na majike kumi waliokosewa wanatosha kuharibu kazi.

Njia ya tatu inaturudisha pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Cyril Hickling, akifanya utafiti Malacca, aliwaozesha madume wa tilapia kutoka Zanzibar na majike wa tilapia wa Msumbiji. Watoto wote wakawa madume. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1960, na mwaka 1966 Trewavas akampa samaki wa Zanzibar jina hornorum. Asili yake ni Mto Wami, bara. Sababu iko kwenye kromosomu: kwa samaki huyo dume ndiye mwenye jozi inayofanana, kwa wa Msumbiji ni jike. Ilionekana kama mwisho wa tatizo. Haikuwa, kwa sababu njia hii inadai mzalishaji atunze koo mbili safi, mbali mbali, mwaka baada ya mwaka, na mtoto mmoja chotara akiteleza kwenye kidimbwi cha wazazi hesabu huharibika.

Inayotawala leo ni homoni. Vitoto hulishwa chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo, kabla jinsia haijajipanga mwilini, na zaidi ya asilimia 95 huwa madume. Wasiwasi wa walaji hueleweka, ila samaki hufika sokoni miezi mingi baadaye, homoni ikiwa imeshatoka mwilini kitambo. Wa kuangaliwa zaidi ni wafanyakazi wa vituo vya kuangulia na maji yanayotoka humo. Kwa mfugaji tatizo ni jingine: hana namna ya kuhakikisha, siku ya kununua, kwamba alichouziwa kama madume ni madume.

Ndipo wengi hurudi kwa mbinu ya zamani, kuweka kambare ale watoto. Inafaa, mradi kambare awe mdogo kuliko tilapia siku anayotiwa. Na hapa kuna kichekesho: kambare halindi chochote, hutaga mafuriko yakija na kuondoka, na kidimbwini hataki kuzaa mpaka achomwe sindano. Asiyejali watoto hazai, anayewajali anazaa kupita kiasi.

Mafuriko yana habari nyingine pia. Kidimbwi kinachofurika karibu na mto hupeleka tilapia wa Nile kwenye maji ya wenyeji, na madume wake, wakubwa na wagomvi, huchukua sehemu nzuri za kuchimba. Nchini Tanzania, Benjamin Ngatunga wa taasisi ya utafiti wa uvuvi TAFIRI, pamoja na George Turner na Martin Genner, wamekuta machotara kati ya tilapia wa Nile na wenyeji katika mito kadhaa. Upande wa pili wa Nyambene, kwenye chemchemi za Buffalo Springs, Isiolo, kuna aina ya spilurus, percivali, isiyopatikana kwingine. Vifaranga vinavyouzwa Meru ni vya Nile karibu vyote. Kwa maoni yangu kidimbwi chochote karibu na mto unaoelekea Tana au Ewaso Ng'iro kingepaswa kuwa na wavu kwenye mdomo wa maji kabla ya kuwa na samaki, na sheria ingeanzia hapo.

Na mfugaji aliyefanikiwa kupata madume watupu? Bado hajamaliza. Madume hao huchimba mashimo hata bila jike wa kuwaona, hupigana kwa mikia na midomo, na wawili watatu wenye cheo hushika kona anayotupia chakula, wakafikia gramu 400 huku wenzao wakibaki 120. Wakiwa wachache sana ndipo ugomvi unazidi. Wakifika watatu kwa kila meta ya mraba mipaka huanza kuvunjika, kwa kuwa hakuna awezaye kufukuza wote. Chakula kitawanywe ukingo mzima badala ya kona moja, mara mbili tatu kwa siku, na baada ya miezi mitatu wavu upitishwe ili wakubwa watengwe na wadogo.